Wodini naaminika, kwenye karatasi naanguka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti niliyemaliza masomo ya uuguzi na sasa nasubiri mtihani wa leseni, umebaki wiki chache. Nakuandikia wewe kwa kuwa ulisimamia wodi miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na jambo langu hili nikimweleza mtu wa nyumbani naona hanielewi.

Kwenye mafunzo ya vitendo walimu na masista walikuwa wananisifu. Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kusafisha kidonda, kuweka kanula, kukaa na mama mwenye uchungu, yote nayaweza, na kuna wagonjwa waliokuwa wakiniulizia kwa jina. Lakini nikishika maswali ya mazoezi napata nusu na kidogo, sipandi wala sishuki. Kinachoniuma ni kwamba si mambo nisiyoyajua. Ugonjwa naujua, dawa naijua, ila katika majibu manne naona mawili yote ni ya kweli. Nachagua moja, kumbe siyo.

Nikupe swali moja lililonitoa machozi. Umepokea zamu ya asubuhi, una wagonjwa wanne. Wa kwanza alipasuliwa tumbo jana, analia kwa maumivu, anasema ni 8 kati ya 10. Wa pili ana kisukari, sukari yake ni milimoli 13 kwa lita na anasubiri insulini. Wa tatu dripu yake imekwisha. Wa nne ni mzee wa miaka 74 mwenye nimonia. Usiku alilala vizuri, lakini tangu alfajiri hatulii, anavua maski ya oksijeni na anauliza yuko wapi. Unaanza na nani? Nikamchagua anayelia. Jibu lilikuwa mzee. Shangazi, wodi niliyofanyia mazoezi, sote tungemkimbilia yule wa upasuaji, maana wodi nzima inamsikia. Na mzee tungesema ni uzee tu. Sasa nimejifunza wapi, wodini au kitabuni?

Nasoma sana. Nimenakili upya madaftari yote kwa kalamu za rangi, nalala usiku wa manane. Kaka yangu ndiye aliyenisomesha, na kila jioni ananiuliza, "Umefikia wapi?" Sina jibu.

Halafu kuna mambo mawili zaidi. Mwenye zahanati moja ananitaka nianze kazi mara moja, anasema nifanye zamu za usiku peke yangu na leseni itafuata. Anataka jibu mwisho wa wiki hii. Hela naihitaji kweli. La pili, nikifaulu nimeahidiwa nafasi katika hospitali kubwa, ama idara ya dharura ama wodi ya kawaida ya watu wazima. Waliotutangulia wananitisha, wanasema wageni wanafokewa mbele ya wagonjwa mpaka wengine wanaacha kazi. Nichague ipi, na nitaanzaje nisimuumize mtu?

Wako,
Muuguzi Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na zahanati, maana huyo anasubiri jibu. Mwambie hapana, na umwambie leo.

Popote ambapo uuguzi una baraza na sheria yake, kumhudumia mgonjwa kama muuguzi bila leseni ni kosa, na anayeshtakiwa wa kwanza ni yule aliyeshika sindano. Lakini sheria naiweka kando kidogo. Anakutaka usiku, peke yako. Usiku ndiyo saa ambayo mama aliyejifungua jioni anaanza kutokwa damu kupita kiasi, na mtoto mwenye degedege analetwa mbio mlangoni. Mtu anayekuweka hapo akijua huna leseni ameshapiga hesabu zake, na humo hukuhesabiwa wewe wala mgonjwa. Mtoto akifariki mikononi mwako, yeye atasema hakukutuma utoe dawa ile. Jina lako linaweza kufika mezani kwa baraza kabla hata hujalipeleka mwenyewe kuomba kusajiliwa.

Kama hela imekubana, muulize kama ana kazi isiyohitaji leseni: mapokezi, kutunza kumbukumbu, kuagiza vifaa. Aiandike kwenye karatasi, kazi yako ni ipi na ipi siyo. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako.

Sasa tuje kwa yule mzee, kwa sababu yeye ndiye mtihani wako wote.

Soma tena maneno uliyoniandikia. Usiku alilala vizuri. Tangu alfajiri hatulii. Anavua maski. Anauliza yuko wapi. Mtu mwenye nimonia ambaye jana alikuwa na akili timamu na leo anachanganyikiwa, ubongo wake unalalamikia oksijeni. Ubongo hauvumilii kukosa hewa, ndiyo maana kutotulia kunatangulia na midomo kubadilika rangi kunakuja nyuma sana. Tena kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi usisubiri rangi ya midomo ikuambie kitu. Mfunulie kinywa, tazama ulimi na ufizi. Na wazee wana hila yao: nimonia inaweza kuwala bila homa kali, bila kikohozi kikubwa, dalili ikawa hiyo hiyo ya kuchanganyikiwa kidogo. Kwa hiyo neno "ni uzee tu" lifute kabisa. Uzee hauji kati ya saa nne usiku na alfajiri.

Yule wa upasuaji anaumia kweli, na ni haki yake kupewa dawa mapema. Lakini kukata tumbo jana na kuumwa leo ni jambo linalotarajiwa, na kulia kwenyewe kunakuonyesha kwamba njia yake ya hewa iko wazi. Mzee, ukienda kwa wengine kwanza, utamkuta hali nyingine. Ila swali likikuambia kwamba tumbo la yule wa upasuaji limekuwa gumu kama ubao, mapigo yamepanda, presha inashuka, hapo naye habari yake imebadilika na foleni inapangwa upya. Ndiyo maana nakuambia usikariri kwamba "maumivu yanakuja nyuma". Uliza kila mara: kuna tatizo la njia ya hewa, la kupumua, au la mzunguko wa damu? Hili ni jipya au lilitarajiwa? Nikichelewa dakika kumi, nani hatanisubiri?

Baada ya kumchagua mzee, swali linalofuata huwa ni: utafanya nini kwanza? Hapa ndipo yale majibu mawili ya kweli yanapokutega. Utawekewa "mpigie daktari" na "mkalishe, mrudishie maski, pima oksijeni". Yote ni ya kweli. Lakini ukimpigia daktari sasa hivi atakuuliza oksijeni ngapi, anapumua mara ngapi, na huna cha kumjibu, huku mgonjwa bado hana maski. Kwa hiyo unamwinua aketi, unarudisha maski na kufuatisha mpira wake mpaka kwenye chanzo uone kama haujachomoka, unaweka kipimo kidoleni, unahesabu pumzi dakika nzima, ndipo unapiga simu. Na kama kuna jibu la kumpa dawa ya usingizi ili atulie, likimbie. Umempunguzia pumzi mtu ambaye tayari hana pumzi.

Kinyume chake pia kipo. Swali likisema tu "mgonjwa anajisikia vibaya", bado hujui kitu, kwa hiyo jibu la kwanza ni kupima na kuuliza. Likisema damu inaruka kutoka kwenye kidonda, huendi kutafuta mashine ya presha, unakandamiza. Ukiona kwenye swali taarifa za kutosha, tenda. Zikiwa pungufu, zitafute. Wengi wanaoanguka kwenye maswali haya wanaujua ugonjwa vizuri, ila hawajajiuliza swali limewapa nini mkononi.

Unaniuliza umejifunza wapi, wodini au kitabuni. Wodini umejifunza mikono, na mikono hiyo ni mali, wenzako wengi wataililia. Lakini umejifunza vilevile kufuata kelele. Wodi iliyobanwa inamfundisha kila mtu hivyo: anayepiga kelele anahudumiwa, aliyenyamaza anaachwa. Na aliyenyamaza ndiye anayekutwa amepoa asubuhi. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja, na hakuna zamu iliyonikalia moyoni kama hizo. Mtihani unakupa hospitali yenye wauguzi wa kutosha, yenye oksijeni, yenye dawa kwenye kabati, kisha unakuuliza: sasa huna kisingizio, utaanza na nani? Ukijifunza kulijibu hilo kwenye karatasi, utarudi wodini na jicho jingine. Usiuone kama mlango wa kupita tu ili kazi ianze. Kazi ndiyo hiyo, umeshaianza.

Hata watunga mitihani wameelekea huko. Mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ambao wauguzi wa nchi nyingi huufanya wakitaka kufanya kazi kule, ulibadilishwa Aprili 2023. Sasa unampa mtahiniwa kisa cha mgonjwa mmoja, chenye faili, vipimo na maelezo ya wauguzi, na maswali yanamfuata mgonjwa huyo hatua kwa hatua: umeona dalili gani, zina maana gani, lipi ni la haraka, ungefanya nini, umefanya nini, na je, imesaidia? Wewe hata kama mtihani wako ni wa karatasi na kalamu, chukua hatua hizo sita uzipitishe kwenye kila swali refu.

Na kama wako ni wa kompyuta ya namna ile, inayokuchagulia swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu lililopita, ujue mapema kwamba maswali yatakuwa magumu. Kompyuta inatafuta kiwango chako, kwa hiyo ukijibu vizuri inakuongezea uzito. NCLEX inaweza kukatika kwenye swali la 85 au kukupeleka mpaka la 150, na yote mawili yametokea kwa waliofaulu na kwa walioshindwa. Usikae kwenye kiti unahesabu. Jibu lililo mbele yako.

Haya, kalamu za rangi ziweke chini. Kunakili daftari kunakupa raha ya kuona kazi imefanyika, na unapolisoma tena maneno unayafahamu, unadhani umeyashika. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa chuo: wengine waliisoma habari tena na tena, wengine waliisoma kisha wakajilazimisha kuiandika bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima ndio waliobaki nayo. Wewe mtihani wako hauko baada ya dakika tano.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka kuhusu ulichosoma jana. Kitakachokosekana ndicho cha kusoma. Kisha maswali, machache kwa siku, lakini kila ulilokosa usilipite. Liandikie mstari mmoja wa sababu. "Sikuijua dawa." "Sikuliona neno kwanza." "Nilifuata kelele." Baada ya siku chache utaona mstari mmoja unajirudia, na nina hakika kwako utakuwa ule wa mwisho. Pitia pia uliyopata kwa kubahatisha. Hayo ni hatari kuliko uliyokosa, kwa sababu unayahesabu kuwa yako.

Dawa zisome kwa koo zake, usizisome moja moja. Zinazoishia na -pril, kama enalapril na captopril, zinashusha presha, zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, zinapandisha potasiamu, na uso au ulimi ukivimba ni dharura. Zinazoishia na -olol, kama atenolol na propranolol, zinapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo pima mapigo kabla ya kutoa, na mgonjwa wa pumu umwangalie mara mbili. Halafu ziunganishe. Furosemide inakojoza, na potasiamu inatoka na mkojo. Potasiamu ya kawaida ya mtu mzima ni kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikishuka, mgonjwa anayetumia digoxin, dawa ya moyo, anaweza kupata sumu ya dawa ile ile aliyokuwa akiivumilia: kichefuchefu, kuona rangi ya manjano, moyo kwenda ovyo. Swali likikupa mzee mwenye dawa hizo mbili na anasema hana hamu ya kula, hawakuulizi habari za chakula.

Na magnesium sulfate ya kifafa cha mimba uijue usingizini. Kabla ya kila dozi unaangalia kupumua, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti ukiligonga liruke. Goti likinyamaza, dawa inasimama. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitengua, iwe karibu na kitanda, siyo stoo.

Hesabu za dozi wengi wanazikwepa, na wanapoteza alama bure. Dripu ya mililita 1000 kwa saa 8, seti inayotoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kilo anahitaji miligramu 180. Sharubati yenye miligramu 120 kwenye kila mililita 5, utampa mililita 7.5. Ukimaliza hesabu, mtazame mtoto huyo kwa macho ya akili. Kama jibu lako ni mililita 75, ni karibu chupa nzima, na mkono wako ukatae kabla hujatafuta nukta ilipokosewa. Fanya chache kila siku mpaka zisikuogopeshe.

Utaletewa kwenye simu maswali yanayodaiwa kuvuja. Usiyanunue, usiyafungue, usimpelekee mwenzako. Mengi ni ya uongo, na yakiwa ya kweli ndiyo mabaya zaidi, maana mtu anaweza kufutiwa matokeo.

Kaka yako, mwanangu, anakuuliza kwa sababu amebeba mzigo na hajui afanye nini kingine. Mpe cha kufanya. Mwambie tarehe ya mtihani, mwambie saa zako za kusoma, kisha umwombe jioni moja moja akushikie karatasi ya maswali akuulize, hata kama hajui majibu. Kumweleza asiye muuguzi kwa nini mzee anavua maski kutakufundisha kuliko daftari la rangi. Na lala. Usiku wa manane huingizi kitu kichwani, unakichosha tu. Siku ya kuamkia mtihani funga vitabu mapema, panga kitambulisho na barua yako ya kuitwa, uende kitandani.

Sasa tufikiri umefaulu.

Hofu ya kuumiza mtu usiione kama ugonjwa. Ninaowaogopa mimi ni wageni wasio na hofu. Lakini hofu ipe kazi ya kufanya. Unapotoa dawa una mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi ndiyo, njia ndiyo, wakati ndio. Umeyakariri tangu mwaka wa kwanza. Ila namna ya kuuliza jina ndiyo wengi wanayoikosea. Usiseme, "Wewe ndiye mzee fulani?" Mgonjwa asiyesikia vizuri, au aliyechanganyikiwa, au anayekuheshimu tu, atakuitikia ndiyo kwa jina lolote. Sema, "Baba, unaitwa nani? Majina yote." Unyamaze, akutajie mwenyewe, huku macho yako yako kwenye faili. Insulini usiivute peke yako ukiwa mgeni. Mwite mwenzako aisome sindano kabla haijaingia. Na mtu akikuongelesha ukiwa kwenye trei ya dawa, mwambie, "Nisubiri kidogo, niko kwenye dawa." Mwanzoni utaona haya, baadaye watazoea.

Jifunze kumpigia daktari, maana hapo ndipo wageni wanapobabaika wakaanza na "samahani daktari, sijui kama..." Kuna mpangilio uliotoka kwa jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, wewe unaona nini, na unaomba nini. Kwa mzee wetu ungesema hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wanaume, nakupigia kuhusu mgonjwa wa kitanda cha 6. Oksijeni yake ni 86 akiwa na maski, anapumua mara 32 kwa dakika, na amechanganyikiwa tangu alfajiri. Ana miaka 74, alilazwa jana kwa nimonia, yuko kwenye antibayotiki. Naona anashindwa kupumua. Naomba uje umwone sasa hivi."

Hakuna samahani humo ndani. Akikupa maagizo kwa simu, yaandike, msomee ulichoandika, mwachie aseme ndiyo. Asipokuja na mgonjwa anazidi kwenda, mwite msimamizi wako. Kumpita daktari kwa namna hiyo si utovu wa adabu.

Kuhusu kufokewa, sitakudanganya, wapo wanaofoka. Mtafiti Marlene Kramer aliandika mwaka 1974 juu ya mshtuko anaoupata muuguzi mpya akikuta wodi haifanani na alivyofundishwa, na mshtuko huo haujaisha. Miezi ya mwanzo utakuwa mzito, utasahau vitu, utarudi nyumbani ukikumbuka kitanda fulani hukukiandikia ripoti. Karibu kila mmoja wetu amepita hapo. Ukienda kwa mkubwa wako, usiende na "sijui". Nenda na "Sista, nimempima, presha ni hii, nimesimamisha dripu, nimekwama hapa." Mtu mkali hulainika akiona umefikiri kabla ya kumfuata. Na kama ni yule anayekudhalilisha mbele ya wagonjwa bila sababu, msubiri zamu iishe, mkiwa wawili umwambie: "Sista, nikikosea nielekeze, nitashukuru. Ila naomba usinifokee mbele ya mgonjwa, hataniamini tena." Ikiendelea, andika tarehe na kilichosemwa, peleka kwa metroni. Heshima kwa wakubwa haikutaki uonewe.

Ukipewa kazi ambayo hujawahi kuifanya, sema hujawahi kuifanya. Uombe kusimamiwa. Ukikosea dawa, sema dakika ile ile, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu dozi iliyozidi inaweza kuwahiwa na iliyofichwa haiwahiki. Nimewatetea wauguzi waliosema makosa yao nikisimama mbele ya wakubwa. Waliofuta faili sikuweza kuwatetea, na sikutaka.

Umeniuliza idara ya dharura au wodi ya watu wazima. Kwa wewe ninayekusoma hapa, moyo wangu uko kwenye wodi. Pale utakaa na mgonjwa siku kadhaa, utamwona akipanda na kushuka, na hivyo ndivyo jicho la kumtambua aliyenyamaza linavyojengeka. Idara ya dharura unamwona mtu kipande kidogo, kisha anaondoka, na kelele ni nyingi, na wewe kelele ndiyo udhaifu wako kwa sasa. Lakini kuna kitu kinachoweza kunifanya nibadili neno langu. Kabla hujasaini, waulize wote wawili: nitakuwa chini ya mlezi gani, kwa jina? Kwa muda gani kabla sijapewa wagonjwa wangu mwenyewe? Zamu yangu ya kwanza ya usiku nitakuwa na nani? Wakikujibu upande wa dharura kwamba una mlezi wako na muda wa kutosha, huku wodini wanakuambia "utazoea tu", nenda dharura.

Barua ya zahanati iandike leo. Matokeo yakitoka niandikie tena, na uniambie ule mstari unaojirudia kwenye daftari lako ulikuwa upi.

Shangazi yako